Mtamba Mmoja na Alama Tatu

Hapo zamani, wala si zamani ile ya sungura kumdanganya fisi, bali zamani ya karibu ambayo walioiona bado wanachunga, bei ya ng'ombe ilianguka.

Haikuanguka kwa siku moja. Ilishuka kama maji ya lambo wakati wa kiangazi: ukiyatazama huoni yakipungua, ukirudi wiki ijayo unakuta tope. Kiwanda kikubwa kilichokuwa kikinunua nyama kilifunga milango. Wanunuzi wa mbali waliokuwa wakija na malori matatu wakaja na moja, halafu wakaja na pikipiki ya kuulizia, halafu wasije kabisa. Maksai ambaye mwaka uliotangulia angemwezekea mtu nyumba nzima kwa mabati, sasa alitosha kuezeka banda la kuku. Na mwaka huohuo mvua ikakataa. Majani yakaisha, bei ikashuka, na mbingu zikabaki safi kama sahani iliyooshwa.

Katika kijiji cha Mwabasonga alikuwako mtu mmoja aitwaye Gindu, mwenye mke, Nkwimba, na watoto mapacha waliokuwa bado wakinyonya. Gindu alichunga ng'ombe kumi na mmoja. Alichunga vizuri. Alijua yupi anaogopa radi na yupi hanywi maji yaliyoguswa na mbwa. Ila ng'ombe hao hawakuwa wake.

Walikuwa wa Mzee Luhende, aliyeishi ng'ambo ya mbuga, mwendo wa siku nzima kwa baiskeli, kwenye majaruba ya mpunga ambako hapakuwa na pa kulishia hata mbuzi. Miaka tisa kabla ya hapo alimletea Gindu majike wanne awe nao kama amana. Mambo ya amana ni ya kale na kila mtu huko anayajua. Anayetunza hunywa maziwa na kuchukua samadi. Ndama ni wa mwenyewe. Miaka ikipita, mwenyewe akiridhika, humpa mtunzaji ndama mmoja wa shukrani. Na liko sharti moja ambalo halisemwi kwa sauti, kwa sababu kila mtu hulielewa: mgeni yeyote akiuliza ng'ombe hawa ni wa nani, mtunzaji hujibu, "Wangu." Hamtaji mwenyewe. Mali ya mtu haitangazwi njiani. Ndiyo maana pia ng'ombe wa amana hawapigwi chapa.

Basi mvua zilipokuwa bado nzuri, alifika afisa mifugo, dada mmoja aitwaye Eliwaza, aliyetumwa na serikali kuhesabu mifugo ya kata nzima. Watu walimwita Bwana Mifugo, ingawa ni mwanamke, maana cheo ni cheo. Alisimamisha pikipiki yake penye zizi la Gindu, akatoa daftari.

"Ng'ombe hawa wa nani?"

"Wangu," akasema Gindu.

"Wote kumi na mmoja?"

"Wote wangu."

Bwana Mifugo akaandika: Gindu, Mwabasonga, ng'ombe kumi na mmoja. Akanywa maziwa, akashukuru, akaondoka. Gindu hakuona kuwa amesema uongo. Alikuwa amejibu kama mtu mwaminifu anavyotakiwa kujibu.

Sasa sikilizeni yaliyofuata, na msikilize polepole, maana mwishoni nitawauliza.

Bei ilipoanza kuteleza, lakini kabla haijafika chini, mchuuzi mmoja mwenye kofia ya kijani alimfuata Mzee Luhende kwenye majaruba yake. Alijua siri ya amana, kwani wachuuzi hujua kila kitu.

"Mzee, uza sasa," akamwambia. "Uza wote. Leo bado nina pa kuwapeleka. Mwezi ujao utaniita na sitakuja."

Huyu mchuuzi hakuwa mtu mbaya. Alisema kweli, na bei aliyoitaja ilikuwa ya haki.

"Nipe siku mbili," akasema Mzee Luhende. "Siwezi kuwaondoa kwa mtu bila kumwambia."

Akapanda baiskeli yake, akavuka mbuga kutwa nzima, akafika kwa Gindu jua likiwa linaelekea kuzama. Akakaribishwa. Nkwimba alikuwa amelala ndani, homa ya uzazi imemkausha maziwa, na mama mkwe wake ameketi mlangoni na mapacha wawili mapajani, akiwanywesha maziwa ya ng'ombe kwa kijiko. Kijiko kwa Kulwa, kijiko kwa Doto. Kijiko kwa Kulwa, kijiko kwa Doto. Mzee akatazama kile kijiko muda mrefu.

"Umekuja kwa heri, baba?" akauliza Gindu.

"Heri tupu," akasema Mzee Luhende. "Nimekuja kuwasalimu wajukuu." Na kwa kuwa ilimbidi awe amekuja kwa jambo fulani, akaingia zizini, akamshika ndama jike mwenye baka jeupe begani, aliyezaliwa baada ya Bwana Mifugo kuhesabu, akasema, "Huyu ndiye ndama wako wa shukrani. Miaka tisa inatosha."

Akala, akalala, akarudi kwao. Mchuuzi alipomjia akamjibu kwa neno moja: siuzi. Mwezi uliofuata bei ikafika chini kabisa. Binti yake alipotakiwa kwenda chuo cha ualimu, Mzee Luhende alipanda juu ya nyumba yake mwenyewe, akang'oa mabati, akayauza, akaezeka nyasi. Majirani walimcheka. Hakuwaambia kitu, na Gindu hakujua lolote.

Mnaona alivyofanya Luhende? Shikeni hilo, twende mbele.

Gindu akawa mtu mwenye ng'ombe. Ng'ombe mmoja, tena ndama, lakini ni wake. Kwa miaka tisa alipokuwa machungani alikuwa akichora vumbini kwa fimbo alama ambayo angempiga ng'ombe wake wa kwanza: duara lenye vijiti viwili juu, kama pembe. Alikuwa akichora na kufuta, ili mtu asimcheke. Sasa alichora bila kufuta.

Majani yakaisha, bei ikashuka, na mbingu zikabaki safi. Ng'ombe wa amana wakaanza kuonyesha mbavu. Jike mmoja akashindwa kusimama asubuhi, ikabidi ainuliwe kwa mti. Gindu angeweza kutuma salamu kwa Luhende kusema, "Njoo uwachukue ng'ombe wako, mimi nimeshindwa," na hapana ambaye angemlaumu. Badala yake alimfunga kamba yule ndama mwenye baka jeupe begani, akampeleka mnadani.

"Kwa huyu nikupe nini?" akasema mnunuzi. "Bei ya kuku nikupe, utaniona mwizi."

"Nipe magunia manne ya mashudu," akasema Gindu.

Mashudu ni makapi ya mbegu za pamba baada ya kukamuliwa mafuta. Ng'ombe dhaifu akiyala hurudiwa na nguvu. Gindu akapata magunia matatu, si manne. Akayafunga juu ya mkokoteni wa punda wa kuazima, akarudi nyumbani nyuma ya punda, akawalisha ng'ombe wa mtu mwingine kwa ndama wake mwenyewe. Alikuwa mtu mwenye ng'ombe kwa miezi mitatu. Nkwimba, aliyekuwa amepata nafuu, alitoka nje na kuona kamba tupu mkononi mwa mumewe.  Alilia baadaye, kisimani.

Mnaona alivyofanya Gindu? Shikeni na hilo.

Mashudu nayo yakaisha. Pembeni mwa kijiji aliishi mjane aitwaye Holo. Wote walimwita Mayu Holo, maana mayu huko ni mama. Mayu Holo hakuwa na undugu na Gindu, wala Luhende hakumjua. Alikuwa na ng'ombe mmoja mzee, aliyeachiwa na marehemu mumewe, na alikuwa na ngitili. Ngitili ni eneo la majani linalozungushiwa miiba wakati wa mvua, lisiguswe na mnyama hadi kiangazi kitakapofika pabaya. Ngitili ya Mayu Holo ilikuwa ndogo, lakini kwa ng'ombe mmoja ilitosha miezi mitano, na miezi mitano ilitosha kufikia mvua.

Kila asubuhi Gindu alipita kando ya ua ule wa miiba akiwapeleka ng'ombe wake kutafuta wasichokipata. Kila asubuhi ng'ombe walisimama pale, wakaingiza pua kwenye miiba, wakalia. Gindu hakuomba. Aliona haya kuomba majani ya mjane. Aliwasukuma tu kwa fimbo, taratibu, akisema, "Twendeni, si yetu hayo. Twendeni."

Siku ya tisa Mayu Holo alitoka na panga.

"We Gindu! Hao ng'ombe wako watanifanya nisile ugali wangu mpaka lini?"

"Nisamehe, mayu. Kesho nitapita njia nyingine."

"Njia nyingine ipi, mjinga wewe? Nimekuja kufungua, hukuona panga?" Akakata miiba, akaivuta pembeni. "Ingiza. Ingiza kabla sijapata akili."

Majani ya miezi mitano yakaliwa kwa majuma mawili. Ng'ombe kumi na mmoja walikuwa wadogo na wenye meno. Ng'ombe wa Mayu Holo alikuwa mzee, akala kwa uvivu, akapata kidogo. Majani yalipoisha, wale kumi na mmoja walikuwa na nguvu ya kutembea mbali hadi bonde la mto kutafuta matete makavu. Ng'ombe wa Mayu Holo hakuwa nayo. Akaanguka kando ya mlango wake siku ya Jumanne.

Ijumaa, malori ya serikali yakaingia Mwabasonga.

Siku tatu tu. Mimi nimekaa na hizo siku tatu kwa muda mrefu, na bado sijui nimlaumu nani. Barabara ilikuwa mbaya, kata zilikuwa nyingi, na waliokuwa kwenye malori hayo walikuwa na vumbi hadi kwenye kope. Walichelewa, lakini walikuja. Walishusha mashudu kaya kwa kaya. Walileta marobota ya majani. Wakatangaza kwamba mnada unaofuata serikali yenyewe itanunua maksai kwa bei isiyoshuka chini ya kiwango fulani, kwa ajili ya shule za bweni, na kiwango chenyewe kilikuwa cha kumwinua mtu aliyeinama. Wanawake walipiga vigelegele hadi punda wakakimbia. Mzee mmoja alishika tairi la lori kwa mikono miwili kama anayemshika mgeni mkono. Msione hilo kuwa jambo dogo. Watu waliokuwa wamehesabu siku zao za mwisho na mifugo walilala usiku ule wakisikia ng'ombe wakicheua.

Mwezi mmoja baadaye, mvua za kwanza zikiwa zimenyesha, ukaja msaada wa mwisho. Serikali ilijua kwamba waliouza majike wao wakati wa bei mbaya wangechukua miaka kuinuka, na waliowashika walikuwa wameteseka. Ikaamua kila kundi lililonusurika bila jike hata mmoja kuuzwa, lipewe mtamba mmoja wa mbegu kubwa, jike mwenye mimba ya kwanza. Na ili mitamba hao wasiuzwe kimyakimya, kila mmoja apigwe chapa ya kaya yake siku hiyohiyo, mbele ya watu.

Kijiji kizima kikakusanyika penye josho, pale ng'ombe wanapoogeshwa dawa ya kupe. Moto ukawashwa. Chuma chembamba chenye ncha iliyokunjwa kikawekwa motoni. Kwa chuma hicho unaweza kuchora alama yoyote. Bwana Mifugo akafungua daftari lake lilelile.

"Apewe mfugaji aliyelitunza kundi lake bila kuuza majike," akasoma. "Gindu wa Mwabasonga. Ng'ombe kumi na mmoja, majike wote wapo. Mtamba mmoja."

Vigelegele. Mtamba akaletwa, mwekundu, mpana mgongoni, tumbo limejaa. Akalazwa na kufungwa miguu. Bwana Mifugo akashika chuma.

"Gindu, nichoree alama yako hapo vumbini, nikuige."

Gindu akachukua kijiti, akachuchumaa. Miaka tisa mkono wake ulikuwa ukiijua ile alama. Alichotakiwa kufanya ni kuchora duara moja na vijiti viwili. Akaweka ncha ya kijiti vumbini. Mkono ukasimama.

"Chora, Baba Kulwa," akanong'ona Nkwimba, pacha mmoja mgongoni, mwingine kifuani. "Chora, mume wangu. Chora."

"Bwana Mifugo," akasema Gindu bila kuinua kichwa, "wale ng'ombe si wangu."

Bwana Mifugo akalitazama tena daftari lake.

"Mimi niliandika kwa kalamu hii," akasema Bwana Mifugo. "Nilikuuliza, ukasema wote wako."

"Nilisema kama inavyosemwa. Ni ng'ombe wa amana. Mwenyewe ni Mzee Luhende, yule pale nyuma mwenye baiskeli. Sharti ni kumficha, nami leo nimelivunja. Lakini nikichora hapa nitakuwa nimeiba kwa kijiti."

Watu wakageuka. Mzee Luhende alikuwa amesimama nyuma kabisa. Alikuwa amekuja tu kuwaona ng'ombe wake wakiwa hai.

"Basi mpeni mzee!" wakapaza watu. "Ng'ombe wake, mtamba wake! Mpeni!"

Bwana Mifugo akainua chuma.

"Hebu rudisha chuma hicho motoni," ikasema sauti. Ni Mayu Holo. Alikuja mbele, kanga imefungwa kiunoni kama anayekwenda kulima. "Mimi sina aibu. Nimekuja kudai. Bwana Mifugo, soma tena karatasi yako."

"Mfugaji aliyelitunza kundi lake..."

"Simama hapohapo. Kutunza ni nini? Ni kumwangalia ng'ombe kwa macho? Ni kuwa mbali ng'ambo ya mbuga ukimfikiria? Kutunza ni kulisha. Nani alilisha? Nenda ukaione ngitili yangu, ni uwanja wa mpira. Ng'ombe hao kumi na mmoja wana majani yangu tumboni. Mimi nilikuwa na ng'ombe mmoja, sasa nina ngozi moja. Kila mtu hapa alishukuru serikali kwa kumwokolea ng'ombe. Mimi nilishukuru pia, nikapiga vigelegele, nikiwa sina wa kuokolewa."

Watu wakainamisha vichwa. Kisha mmoja akasema polepole, "Ni kweli. Mpeni mayu." Na wengine, "Mpeni mayu! Mpeni!"

Bwana Mifugo akainua chuma kwa mara ya pili.

"Na huyu mzee je?" akauliza mtu kutoka kando, aliyekuwa amekuja kuuza chumvi ya mifugo. Alikuwa na kofia ya kijani. "Samahani, mimi ni mchuuzi tu, sina kura hapa. Lakini nilimpa bei nzuri, angeuza wote akawa tajiri, akakataa. Kundi hili lipo kwa sababu mtu mmoja alikataa. Mpaka leo sijui kwa nini. Nyumba yake sasa imeezekwa nyasi."

"Mzee," akasema Bwana Mifugo, "kwa nini?"

Mzee Luhende alikohoa. "Nilikuja kushukuru, sikuja kuhojiwa."

"Sema tu, baba," akasema Gindu.

"Nilikuta kijiko," akasema Mzee Luhende. Akashika usukani wa baiskeli yake, kama mtu aliyeona kuwa ameeleza vya kutosha. Alipoona hawajaelewa akaongeza, "Kijiko kwa Kulwa, kijiko kwa Doto. Kama ningewaondoa wale ng'ombe, kile kijiko kingekuwa na nini?"

Nkwimba alikaa chini palepale vumbini. Ile siku ya homa hakuiona, sasa aliiona.

"Kumbe ndiyo maana ulikuja," akasema Gindu. "Ukanipa ndama ili usiseme."

"Ndama ulistahili. Yuko wapi? Sikumwona zizini."

Gindu akaweka kijiti chini. Ila Nkwimba aliinuka na vumbi lake.

"Haya, kwa kuwa leo ni siku ya kufunua vyungu, na changu nifunue. Alimwuza, mzee! Ng'ombe wake wa kwanza tangu mama yake amzae. Akanunua mashudu, akawapa ng'ombe zako. Jike wako mkubwa, yule mwenye pembe moja, alikuwa amelala hainuki. Amesimama kwa ndama wa mume wangu. Na sasa hivi tu hapa mume wangu angeweza kunyamaza, akachora duara lake, akarudi nyumbani na ng'ombe. Mimi nilimwambia chora. Sioni haya kusema. Nilimwambia chora, naye hakuchora. Mnataka uaminifu wa namna gani tena?"

"Mpeni Gindu!" wakalipuka watu, wengi wao walewale. "Mpeni Gindu! Mpeni!"

"Nyinyi ni watu au ni upepo?" akasema Bwana Mifugo, akarudisha chuma motoni. Lakini alikuwa akifuta macho, na moshi ulikuwa ukienda upande mwingine.

Akasema Mzee Luhende, "Jamani, kwa nini tunahangaika? Mimi nikipewa, kwetu hakuna majani, itabidi nimwache kwa Gindu. Gindu atamlisha kwenye ngitili ya mama huyu ikiota. Yeyote akipewa, mtamba atalala zizi lilelile na kula majani yaleyale."

"Maneno matamu hayo, mzee," akasema Mayu Holo, "lakini ndama hufuata chapa. Na ndama wa ndama hufuata chapa. Miaka ishirini ijayo hawatauliza alilala wapi, watauliza amepigwa nini."

Hapo alisema kweli tupu, na kila mtu alijua.

Kisha Mayu Holo akamgeukia Gindu. Alimtazama kwa muda, kama alivyowatazama ng'ombe siku ile akiwa na panga.

"Hukuniambia uliuza ndama."

"Wewe nawe, mayu, hukuniambia ng'ombe wako hali. Ningewatoa wangu."

"Ndiyo maana sikukuambia, mjinga wewe." Akavuta pumzi. "Hiyo alama yako iko vipi? Eti duara?"

"Duara. Na vijiti viwili juu."

Mayu Holo akainama, akachora vumbini duara, na vijiti viwili juu. Haikuwa nzuri, duara lilipinda kama yai. "Haya," akasema. "Nilikuja kudai. Nimedai. Sasa nashukuru."

Gindu akachukua kijiti kutoka mkononi mwake. Kando ya duara akachora mistari mitatu iliyolala, alama ya ukoo wa Luhende, ambayo kwa miaka tisa aliificha. "Kwa kijiko," akasema.

Mzee Luhende akaomba kijiti. "Marehemu mumeo, mama, alikuwa na alama gani?"

"Mwezi mchanga."

Mzee akapiga magoti, kwa shida, akachora mwezi mchanga. "Kwa majani ambayo ng'ombe wangu walikula wala mimi sikujua niseme asante wapi."

Basi zikawa alama tatu vumbini, na kila moja imechorwa na mkono wa mwingine. Wazee walipiga makofi taratibu. Mchuuzi akavua kofia yake ya kijani. Nkwimba peke yake ndiye aliyesema kilichokuwa kwenye mioyo ya wengine: "Mmependeza sana. Na mapacha wangu watakunywa shukrani?"

Mayu Holo akacheka hadi akajishika mbavu. "Huyu ndiye mwenye akili hapa!"

Lakini Bwana Mifugo hakucheka. "Ndugu zangu," akasema, "mimi nimetumwa na serikali, na serikali imenipa mtamba mmoja wa kundi hili, na mstari mmoja wa kuandika jina moja. Wenye malori wananipigia honi. Mkiniacha bila jina, huyu ng'ombe anapanda lori na kurudi. Mtu mmoja. Alama moja. Nani?"

Yule aliyenisimulia kisa hiki alikuwapo siku hiyo. Nilimwuliza ilikuwaje mwisho wake. Akaniuliza, "Wewe ungefanyaje?" Nikasema nitafikiri. Nilifikiri mwaka mzima. Asubuhi nilimpa Luhende, maana asingekataa bei ile, tusingekuwa na kundi la kuzungumzia; wala asingepata tabu, angekuwa analala chini ya bati. Mchana nilimpa Gindu, kwa sababu ya mkono uliosimama vumbini. Jioni nilimpa Mayu Holo, kwa sababu wale wawili wana ng'ombe kumi na mmoja kati yao wa kuwaamsha alfajiri, na mlangoni pake hakuna hata mmoja. Na kila nilipompa mmoja, niliwaona wengine wawili wakiondoka penye josho kwa miguu, bila kinyongo, na hilo ndilo lililonizuia nisilale.

Sasa nawaachia nyinyi. Mtamba amelazwa, miguu imefungwa, ndama anacheza tumboni mwake. Lori linapiga honi. Moto unaanza kufifia, lakini chuma bado ni chekundu. Chini kuna mistari mitatu, kuna duara lililopinda, kuna mwezi mchanga, na upepo wa mchana umeanza kuyainua mavumbi.

Haya, shikeni chuma. Je, nani alistahili?